Ufito wa Mpima Vichochoro

Mchora ramani wa kituo cha magari ya wagonjwa hupita vichochoroni akiwa ameukingamisha kifuani ufito wenye urefu sawa na upana wa gari. Ukigota ukutani, huandika simuni kwamba hapapitiki. Mfumo wa kuwaelekeza madereva, anaouunda kwa kutumia ramani huria ya mtandaoni, huutegemea ufito huo. Jana gari lilikwama kati ya kuta mbili, na mama mwenye uchungu nusura ajifungulie njiani.

“Kaka, gari nalo lina masikio!” dereva alifoka, akimwonyesha mchora ramani vioo vya pembeni vilivyovunjika. Dereva alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Lakini mchora ramani alipima kutoka kioo hadi kioo, akakata ufito mrefu zaidi, akavifuta kwenye mfumo vichochoro vyote mia mbili alivyokwisha kuvipitisha, kisha akatoka kwenda kukipima upya cha kwanza.