Mlezi Hapigi Kura

Safari yetu ya Italia ilianza kwa sababu ya mama, na siku pekee iliyokatwa kwenye ratiba ni siku ya mama.

Mama ni muuguzi mstaafu. Alifanya kazi miaka mingi katika zahanati karibu na Illasit, chini ya mtawa Mwitaliano aliyemfundisha ukunga. Mtawa huyo ndiye aliyemzalisha mama sisi watoto watatu. Sasa ni ajuza, anatunzwa na watawa wenzake katika mji mdogo wa milimani, kaskazini mwa Italia. Mwaka jana mama alituambia anataka kumwona angali hai. Hakuomba kingine.

Familia yetu haijui kufanya jambo bila kamati. Harusi ni kamati, mazishi ni kamati, hata kuchimba kisima. Kwa hiyo tulikutana kwa mama, Kitengela, Jumapili baada ya kanisa, tukafungua kwa maombi na kuchagua viongozi. Kaka yangu mkubwa akawa mwenyekiti, mimi katibu. Mama tukampa cheo cha mlezi, tukapiga makofi. Alicheka, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Kila mtu alitaja anachopenda. Kaka alitaka kuona uwanja wa mpira wa Milano. Mkewe alitaka viatu na mikoba. Dada yetu mdogo, ambaye hupika kwenye sherehe za watu, alitaka kufundishwa kupika tambi Roma. Mimi niliomba magofu. Yote yaliingia, na ya mama pia: siku moja, treni kisha basi.

Kufika mkutano wa tatu, wifi alikuwa amesikia habari za soko la viatu vya bei nafuu nje ya Milano.

"Hiyo ya milimani inakula siku nzima," kaka alisema. "Tunaenda kukaa kwa chumba tukiangalia mgonjwa, halafu turudi?"

"Hiyo ndiyo sababu ya safari," nikasema.

"Ilikuwa. Sasa safari ni ya kila mtu."

"Si Mama ampigie video," dada akasema. "Masista pia wako na simu siku hizi."

Mwenyekiti akaitisha kura. Mikono mitatu ilienda kwa soko la viatu, wangu ukapinga. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia na chupa ya chai. Aliiweka mezani, akainua mkono wake pia, upande wangu.

"Mama, wewe ni mlezi," kaka akasema kwa upole, ule upole wa kumwondoa mtu njiani. "Mlezi hapigi kura. Mlezi anabariki."

"Hata kwa chama chetu iko hivyo, Mama," wifi akaongeza.

Mama alishusha mkono. "Sawa. Basi nimebariki viatu."

Nimehudhuria vikao vingi. Sijawahi kuona mtu akiporwa kwa adabu namna ile. Cheo tulichompa kwa makofi ndicho kilichomnyamazisha nyumbani kwake, akiwa ametuchemshia chai.

Nilimfuata kaka hadi langoni. "Ulikuja duniani ukitanguliza miguu. Huyo mtawa ndiye aliyekutoa. Mwambie hayo yako ya mlezi."

"Wewe ni katibu," alisema. "Andika kilichoamuliwa."

Sijaandika.

Wiki iliyofuata mama alikwenda Kajiado kwa dada yake, na pasipoti akaibeba. Kaka anasema amenuna tu, atatulia. Mimi nimempigia nikamwambia tutawaacha wenzetu Milano, nimpeleke mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza habari za mvua na mbuzi.

Juzi nilipiga simu kule kwa watawa. Aliyepokea alisema mgonjwa analala sana, lakini kila anapoamka anauliza msichana wake wa Illasit anafika lini.

Alama za vidole za visa zinachukuliwa Jumatatu, Nairobi, na lazima mwombaji afike mwenyewe. Leo ni Ijumaa. Mama bado yuko Kajiado, na hajasema kama atakuja.