Wimbo wa Mwisho wa Paskalina

Hiki ninachokueleza kimenipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote na kapu la vitunguu mkononi. Sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize, halafu unisikilize.

Paskalina unamjua? Kaa Hanang wiki moja tu, utamjua. Alianzia kwaya ya kigango chetu hapa Gendabi, baadaye akaimba peke yake, sauti yake ikafika Mbulu, Dongobesh, kote huko. Ni miaka kadhaa sasa tangu afariki, lakini prodyuza wake hajampumzisha. Kila watu wakishavuna anatoa tena Nyimbo Bora za Paskalina. Nyimbo zile zile! Uliokuwa wa kwanza unapelekwa katikati, kwenye picha ya jalada anavalishwa kitenge cha rangi nyingine, na watu wanapanga foleni.

Mimi sikuwahi kununua. Ya nini? Wao walikuwa na nyimbo, mimi nilikuwa na Paskalina mwenyewe. Tulikua pamoja, tukapalilia pamoja. Sikio lake la kushoto lilikufa tangu utotoni, kwa hiyo ukitembea naye sharti ukae kuliani kwake, la sivyo atazunguka mwenyewe akuweke huko. Hao mashabiki wanalijua hilo?

Aliyenikera kuliko wote ni Nesi Mwanaidi wa zahanati yetu. Kaletwa kutoka Tanga juzijuzi tu, na matoleo yote anayo. Anayapiga huku anapima watoto. Siku moja nimempeleka mjukuu wangu kliniki, akaniamkia vizuri, "Shikamoo, mama Neema," nikaitikia. Halafu akasema, "Mama, hili toleo jipya umelisikia? Kuna wimbo wa mwisho haujawahi kutoka, wa kubembeleza mtoto. Yaani nikiusikia naona kama kaniimbia mimi."

Nilitabasamu meno tu. Ndani nilikuwa nawaka.

Sababu wimbo wa kubembeleza wa Paskalina nilikuwa naujua mmoja tu, na ulikuwa wangu. Nilipomzaa Neema, wazee wetu bado walikuwa wanashika mila: mzazi anakaa ndani, haendi kisimani, haingii kwa jirani mpaka muda wake uishe. Niliona kuta zile mpaka nikazichukia. Na mtoto alikuwa wa kulia tu. Paskalina alikuja kila jioni na uji wa ulezi, akakaa karibu na mafiga, akampokea Neema na kumwimbia wimbo aliotunga palepale. Mtoto ananyamaza, na mimi nanyamaza. Nilimwambia, uimbe kanisani basi. Akasema, "Huu ni wa humu ndani." Humu ndani, umesikia? Miaka yote hiyo kila nikielemewa na mambo nauimba moyoni, napata nguvu.

Siku ya mnada nikaenda Katesh, kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu. Jamaa akanipigia kidogo ule wa mwisho nionje. Ulikuwa ndio ule ule. Pumzi zake zilikuwa zinakatika, maana, kwa alivyosema jamaa, alijirekodi kwa simu akiwa kitandani anaumwa. Badala ya kumlilia, nilikasirika. Watu wawili wamesimama pembeni yangu wanatikisa vichwa, wanasema huu nao ni mtamu, na mimi natamani kuwaziba masikio. Nikanunua. Nilinunua kwa hasira, kama mtu anayekomboa kuku wake mwenyewe aliyeibwa.

Nilishuka njia panda nikaanza kukatiza mashamba kwenda nyumbani. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka mlimani na manyunyu yake, kama kawaida ya huku, na simu ilikuwa inaimba ndani ya kapu. Nikasikia mtu kuliani kwangu. Mama mmoja, amejifunika shuka mpaka usoni. Tukatembea kidogo, kisha akapita nyuma yangu akahamia kushoto. Sikujali, nilidhani anakwepa tope.

"Mama Neema, unasikiliza nini?"

"Paskalina. Hizi nyimbo bora zao."

"Zina jipya?"

"Jipya liko wapi? Wamezipanga upya tu, wanakula hela za watu."

"Sasa mbona umenunua?"

"Kwa ajili ya huo wa mwisho. Huo ni wangu."

"Wako na nani?"

"Na nani tena? Wangu peke yangu! Aliimbiwa mwanangu. Hawa wengine ni wezi, na Paskalina mwenyewe amenikosea kuuachia."

"Wanaolea watoto ni wengi," akasema taratibu.

"Waimbe za kwao."

Niamini, nilisema hivyo hivyo. Na yule mama hakukasirika. Alivuta pumzi, pumzi ile fupi inayokatika, akasema, "Basi. Kama hutaki kuusikia na wenzako, sawa."

Simu ikanyamaza. Nikainama kuitazama ndani ya kapu: ilikuwa inaonyesha kwamba wimbo wa mwisho unaendelea. Nilipoinua kichwa, nilikuwa peke yangu. Ndipo akili ikanirudia. Mimi nguo zimenilowa mpaka mwilini, na lile shuka lake lilikuwa kavu kabisa. Na alikuwa amehama upande ili mimi niwe kuliani kwake. Nilikwapua simu nikakimbia, kapu likabaki. Vitunguu viliokotwa na nani, mpaka leo sijui.

Nyumbani nikamkuta Neema anasonga ugali, mtoto wake mgongoni. Sikumwambia kitu, nikaupiga ule wimbo kwenye spika. Niliona mwiko unasimama. Nikaona machozi yanamshuka mwanangu, na mtoto mgongoni analaza kichwa.

"Mama," akasema, "huu wimbo naujua mimi. Nimeusikia wapi?"

Mimi nilikuwa nasikia manyunyu juu ya bati. Nasikia kuni zinavyolia motoni na kuku mlangoni. Wimbo sikuusikia.

Nesi Mwanaidi amenipima masikio, yote mazima. Akanipigia ule wimbo palepale zahanati. "Mama Neema, si huo unaimba?" Akina mama wote waliokuwa kwenye benchi wanaufuatisha, na mimi naona midomo tu inacheza. Kibaya zaidi, hata ule wa moyoni umeondoka. Maneno ninayo yote, nakuandikia ukitaka. Sauti yake siipati.

Nyimbo nyingine za Paskalina nazisikia vizuri tu. Kwa hiyo nikiulizwa kama toleo la safari hii linafaa kununuliwa, nasema nyimbo ni zile zile, jalada ni kitenge kingine, lakini nunua. Nunua kwa ajili ya ule wa mwisho. Na ukiufikia, fungua sauti, hata jirani usiyepatana naye asikie. Ukijisikia kusema kwamba umeimbiwa wewe peke yako, uma ulimi. Na ukiwa njiani kwenye ukungu, mtu akakuuliza wimbo ni wa nani, mwambie ni wetu sote, hata kama roho inakuuma.

Wanasema toleo jingine linakuja baada ya mavuno. Jamaa wa kibandani ananicheka, "Mama, si unazo zote?" Namwambia aniwekee langu. Nani ajuaye?

Jioni Neema anambembeleza mwanawe kwa wimbo ule, pale pale karibu na mafiga. Nimemwomba aimbe akiwa amenigeukia, nione angalau mdomo. Mtoto anafumba macho pole pole, ananyamaza. Nami nakaa pale, mtu mzima mwenye mvi, namwonea wivu mtoto ambaye hata meno hajaota.