Majina ya Waliokwenda Lufira

Kuna Jumamosi moja, mwanangu Trésor, ambayo nimeibeba katika kila mji niliowahi kulala, na mpaka leo haijapungua uzito. Nakumbuka baridi ya asubuhi yake, umande kwenye viatu, na chupa tupu zilizokuwa zikigongana ndani ya gunia tulipokuwa tukishuka kuelekea mto Lufira, chini kidogo ya mtambo wa umeme wa Koni.

Nakuandikia kwa sababu jana uliliacha begi lako wazi juu ya meza ya mama yako, nami nikaiona barua. Ombi la kufuta somo. Chini yake mistari mitupu inayosubiri sahihi. Sikuisoma yote, sikuwa na haja. Barua kama hiyo niliiandika mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wako.

Najua mnavyonisema wewe na dada zako: tonton, mjomba wenu, anakuja na mfuko mmoja, anakaa mvua mbili, anaondoka bila kuaga. Ni kweli. Hata hamsini sijafika, na tayari naongea kama mzee. Nivumilie leo tu.

Mimi pia nilikuwa CP, kiongozi wa darasa, kama wewe. Mama yako hakukuambia, kwa kuwa nimezoea kusema kwamba niliishia diploma ya sekondari. Nilikaa chuo kikuu mwaka mmoja na kipande, hapa hapa Likasi, katika kitengo cha metali. Tulikuwa na somo moja liitwalo Maji na Udongo, na somo hilo lilikuwa na wenyewe wawili. Liliandikwa katika programu yetu, likaandikwa pia katika programu ya kitengo cha afya. Namba moja, mwalimu mmoja, ukumbi mmoja. Sisi wa metali tuliliona mzigo. Wenzetu wa afya, bila kulifaulu, hawakuruhusiwa kwenda kufanya mazoezi yao hospitalini.

Mwalimu alikuwa Papa Kalenga, mtu mrefu aliyekuja kazini kwa baiskeli, suruali amezifunga kwa kamba chini ili zisishikwe na mnyororo. Mazoezi yake yalikuwa mtoni. Tulichota maji sehemu mbalimbali, tukachovya vikaratasi vya kupimia, tukaandika vilivyobadilika rangi. Zamani mazoezi hayo yalikuwa Ijumaa, lakini wanafunzi Waislamu wa kitengo cha afya walimweleza kwamba yanawakosesha sala, naye akayahamishia Jumamosi. Jumamosi, mwanangu, ilikuwa siku ya mpira kati ya vitengo, na mimi nilikuwa namba tisa. Hiyo ndiyo sababu yangu yote. Nimetafuta sababu kubwa zaidi kwa miaka mingi, sijaipata.

Jumamosi ninayokuambia, binti mmoja wa afya, Mwamini, mtoto wa dereva wa lori pale Kikula, aliteleza kwenye jiwe akiwa na chupa mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika orodha ya mahudhurio. Maji yakanimwagikia, yakailowesha karatasi.

"CP, weye iko na miguu ya mpira tu, ya mto hauna," akanitania, naye ndiye aliyeanguka.

Kila mtu akacheka. Papa Kalenga akaichukua karatasi, akaitandaza juu ya jiwe lenye jua.

"Tuianike," akasema, akituonyesha sisi sote kwa kidole. "Majina ya bantu iko mule."

Ilikauka, lakini ikabaki na doa la kahawia kwenye kona, umbo lake kama sikio.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mkuu wa kitengo chetu na barua. Nikuambie haki: barua yangu haikuwa ya uongo mtupu. Niliandika kwamba daftari za Papa Kalenga zimekuwa za manjano, kwamba anachora ubaoni mashine zilizokwisha kuuzwa kama vyuma chakavu, kwamba saa ni nyingi kuliko faida. Hayo yalikuwa na ukweli. Mkuu akasoma akitikisa kichwa, kisha akaniambia tume ya programu inakaa Alhamisi ya wiki inayofuata, na haitaigusa barua isiyo na sahihi za wanaofuata somo, pande zote mbili.

Nilizunguka siku nne. Nilipata sahihi kumi na moja. Timu nzima.

Ndipo nikakumbuka kwamba orodha za mahudhurio zinakaa kwangu. Nilichagua ile ya mtoni kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na watu wengi wa afya. Juu yake Papa Kalenga alikuwa ameandika kwa mkono wake jina la somo, tarehe na neno Lufira. Nikachukua wembe na rula, nikaukata mstari ule wa juu. Yakabaki majina na sahihi peke yake. Nikaibana karatasi nyuma ya barua yangu, nikaipeleka. Haikunichukua hata dakika tano. Nilipiga mluzi nikienda.

Jumatatu Papa Kalenga aliniita kwenye baraza ya nyuma, pale alipokuwa akiegesha baiskeli. Mkuu alikuwa amempa nakala ya barua, na kwa kuwa hakuamini, alikuwa ameomba aione yenyewe. Alikuwa ameishika.

"CP, hii alama ya maji ni ya wapi?"

Nikautazama mnyororo wa baiskeli.

"Njo ya Lufira, ndiyo ile ya mto. Minye mwenyewe nilianika hii karatasi." Hakupaza sauti. "Hawa bantu balilamuka na giza juu ya kwenda ku mto. Weye unabaweka hapa, banasema habataki kwenda."

"Papa, mimi..."

"Ngoja. Somo yangu iko na makosa. Ninajua, minazeeka nayo. Ungekuja kuniambia, Papa, hii sehemu imepita wakati, tutoe, tutie ingine, tungekaa chini, na bale ba afya bangekaa. Somo si yako peke yako, na si yangu peke yangu. Sasa sikia. Minye sitakusema. Nikikusema batakufukuza, na mama yako anakusomesha na shida. Enda weye mwenyewe mbele ya Alhamisi. Sema karatasi ni ya nini. Utaenda?"

"Ndiyo, Papa."

"Lini?"

"Kesho, Papa."

Aliniamini. Nilimwona akilegea mabega, akainama kufunga kamba za suruali.

Jumanne nilikwenda mpaka mlangoni pa mkuu, nikamsikia ndani akicheka na mgeni, nikajiambia si wakati. Jumatano mvua ilinyesha. Alhamisi nilikaa kwenye ngazi za ukumbi nikawatazama watu wa tume wakiingia na mafaili kwapani, mmoja mmoja. Papa Kalenga alikuwa amesimama upande wa pili wa uwanja. Hakunijia. Alinitazama tu, kisha akatazama mlango, kisha akanitazama tena. Mlango ukafungwa. Aliondoka akiikokota baiskeli kwa mkono, hakuipanda.

Somo lilifutwa kwa vitengo vyote viwili, maana namba ilikuwa moja. Jumamosi tulicheza. Tulishinda, usiniulize mangapi.

Sasa fika hapa polepole, mwanangu, maana mpaka hapa nilikuwa nimefanya ujinga tu. Ubaya wenyewe ulikuwa bado.

Mwamini alikuwa ameugua malaria wakati wa mitihani ya mwaka uliotangulia. Masomo yote mengine alikuwa amekwisha kuyamaliza. Lililobaki lilikuwa hilo moja, alirudie mwaka huo, aende hospitalini kwa mazoezi yake. Alipofika kwenye ubao wa matangazo akakuta mstari mwekundu umepita juu ya somo. Akaenda ofisini kulalamika. Ofisini wakamfungulia faili, wakamwonyesha sahihi yake kwa kidole, wakalifunga.

Alinikuta nje ya maktaba. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"CP, weye njo unachungaka maliste ya mahudhurio. Banasema minye mwenyewe niliomba bafute somo. Banan'onyesha sahihi yangu. Na ni yangu kweli! Sasa niliandika wapi?"

Mbele yangu kulikuwa na mlango wazi kabisa. Maneno matatu yangetosha: ni mimi niliyefanya. Ofisi ilikuwa hatua ishirini kutoka pale.

"Labda uliweka sahihi bila kusoma," nikamwambia.

"Minye?"

"Siku ile karatasi zilikuwa nyingi. Ulisahau, Mwamini."

Akautazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma, kama kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. Halafu akasema taratibu, "Kumbe," akaenda zake.

Kitengo chake kilimwambia asubiri programu mpya, mwaka unaofuata. Baba yake hakutaka kusubiri. Hakuwa mtu mbaya, mzee yule. Alikuwa dereva wa barabara ya Kasumbalesa, na maisha yake yote ameona watu wakikwama mpakani kwa sababu ya karatasi moja. Aliamini karatasi kuliko mdomo. Alimwambia binti yake uani, majirani wakisikia, kwamba mtu anayefunga mlango wake mwenyewe asimlilie mtu. Akamtoa chuo.

Papa Kalenga hakuwa na somo jingine. Tulisikia amekwenda kufundisha shule ya sekondari upande wa Kambove. Mimi sikumaliza mwaka. Niliwaambia watu nimechoka na vitabu. Ukweli ni kwamba nilishindwa kupita kwenye baraza ile ya nyuma. Nikaenda Kakanda, nikaenda Kolwezi, nikavuka mpaka Ndola, nikarudi nikaenda Kalemie. Kakanda niliwahi kukaa karibu na kisima ambacho watu hawakukubaliana kama maji yake yanafaa. Mtu mmoja aliniuliza, kwa kuwa nilijigamba kwamba nimepita chuo kikuu. Nikachota, nikayatazama kwenye glasi, nikanusa, nikasema sijui. Kwa kweli sikujua. Nilikuwa nimeenda mtoni mara mbili tu.

Mnafikiri natembea kwa sababu napenda barabara. Kila mji napenda wiki ya kwanza, kabla watu hawajaanza kuniamini. Na kila mji naiota Likasi, jakaranda zake, vumbi lake, hata harufu ya gunia lile la chupa.

Wiki tatu zilizopita mama yako alinituma unga pale Kikula. Nikaingia duka la kwanza lenye kivuli. Mwenye duka, mama mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alikuwa anamimina mafuta kwenye chupa ya mteja.

"Ee, CP!" akasema, hakuangalia mara mbili. "Bado unatembea tu? Hata kitambi hauna, mwaka zote hizi ulikuwa unakulaka nini?"

Nilicheka. Mteja akaondoka. Na kwa kuwa alinipokea vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, tangu wembe na rula mpaka maktaba. Alisikiliza bila kukata neno. Faneli ilikuwa mkononi mwake, mafuta yakimtiririkia vidoleni, hakuyafuta.

"Njo weye. Kumbe ni weye," akasema mwishowe.

"Ndiyo. Nisamehe, Mwamini."

"Baba alikufaka mwaka jana. Unajua alikuwa ananiambiaka nini? Binti yangu iko na akili, lakini hasomake kintu mbele ya kuweka sahihi. Karatasi yote ya nyumba alikuwa anasoma yeye, halafu ananionyesha: weka hapa. Na minye nilikuwa ninaweka, juu hata minye sikuwa ninajiamini tena." Akaiweka faneli chini. "Nilikuamini weye kupita mukono yangu."

Nikageuka kutazama magunia ya unga.

"Sasa unaniletea hii nifanye nayo nini? Njo ilikuwa ya kuambia baba. Enda umwambie." Akanionyesha kwa kidevu upande wa makaburi. "Na kama haununue kintu, toka ku mulango, bantu bapite."

Nilinunua unga. Alinipimia sawasawa, hakupunguza wala kuongeza.

Mwanangu, sikukatazi barua yako. Masomo yanazeeka kama sisi, na mengine yanastahili kupumzishwa. Huenda hilo lako limefika mwisho wake. Lakini kabla hujalizika, ulizia nani mwingine anakaa ndani yake. Nenda kwa wale wa kitengo cha pili, kaa nao, hata kama wanakuchosha, hata kama ni siku ya mpira. Nenda kwa mwalimu mwenyewe umwambie usoni; huenda anajua makosa yake kuliko wewe. Na jina la mtu lisisimame mahali ambapo mwenyewe hakulisimamisha. Ukipata kumi na moja, peleka kumi na moja.

Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, wakati neno lako bado lina mtu wa kumsaidia. Mimi nimesema kweli mwishoni, na haikumfaa mtu yeyote. Nilimpa Mwamini ukweli ambao mtu wa kuupokea alikuwa amekwisha kuzikwa. Usiite huo ujasiri.

Barua yako nimeirudisha kwenye begi kama nilivyoikuta. Utakapoamka, mimi nitakuwa nimeondoka, na safari hii ninaaga. Naanza na Kambove. Sijui kama Papa Kalenga bado yu hai. Nikimkuta kaburini, nitajua nimechelewa tena.

Mungu akupe watu watakaokuamini, mwanangu, na akupe uwezo wa kuwatazama machoni. Akujalie kukaa mahali pamoja hadi watoto wako wachoke na hadithi zako. Na siku utakayoulizwa swali nje ya maktaba, ulimi wako uwe mwepesi kuliko wangu.