Kompyuta ya Bi Ibtisam Ilivyokataa Memori

Bi Ibtisam anakaa chini yetu, Malindi ya Unguja, katika nyumba ambayo mlango wake haufungiki mpaka uupige kwa nyonga. Alikuwa mpiga taipu wa serikali miaka ishirini na sita. Alipostaafu, mdogo wake, Bi Basma, alimletea kompyuta kutoka Muscat, na yeye akaendelea kupiga kama mtu ambaye hakustaafu: kadi za harusi, barua za kuomba kazi, wasia wa watu ambao bado wazima. Anapiga kwa vidole vyote kumi huku anatazama dirishani. Makosa hana. Ukimwambia hana makosa, anakwambia, "Najua."

Ilipofika mwaka 2001, ile kompyuta ilikuwa imechoka. Watu walimletea disketi zilizoandikwa kwenye mashine mpya, na yake ikizifungua inaganda. Akibonyeza barua, anakwenda jikoni kukuna nazi; akirudi, barua imetokea anwani na tarehe.

Bi Basma hakupenda dada yake akae peke yake Unguja. Akamtumia kipande cha memori cha kuiongezea kasi, kwa mkono wa msafiri, kimefungwa pamoja na bakuli la halua, halafu akapiga simu. "Hiki ndicho cha mwisho, da Ibti. Ikishindwa na hiki, iweke chini uje ukae na mimi."

"Haya," alisema Bi Ibtisam. Na yeye akishasema haya, harudi nyuma. Mtaa mzima ulijua kwamba safari yake ya Muscat sasa iko ndani ya lile sanduku la kompyuta.

Jumatatu asubuhi, nami nimeshuka kwake, akaja fundi Kheir kutoka Jang'ombe. Kwao ni kisiwani Tumbatu, na Bi Ibtisam hachoki kumkumbusha.

"Shikamoo, Bi Ibtisam."

"Marahaba. Umevua viatu?"

"Nshavua."

"Mtumbatu kavua viatu! Dunia inakwenda mbele."

"Sisi kwetu tunavua tukaviacha nje, bibi. Nyinyi wa mjini ndio mnaingia navyo ndani, mnaogopa kuibiana."

Kheir akachomoa waya wa umeme, akafungua sanduku. Akatoa memori ya zamani, akaitazama, akairudisha, akaweka na mpya ubavuni mwake. Akachomeka waya, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Halafu ikalia ndani: pii, pii, pii.

"Inasemaje?" Bi Ibtisam aliuliza.

"Inasema haioni memori."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Hiyo hodi. Mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, anakwenda zake. Muitikie upesi."

Kheir akatoa ile mpya, akaiacha ya zamani peke yake kama ilivyokuwa jana. Pii, pii, pii. Hapo akaacha utani. Akaijaribu katika matundu yote matatu ya memori. Akaweka mpya peke yake. Milio ni ile ile.

"Jana ilikuwa kikongwe," alisema Bi Ibtisam, "leo ni maiti. Na aliyeingia katikati ni wewe."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya ndizi. Lakini nilimuona vidole. Vilikuwa vinapiga herufi juu ya goti, kwenye kanga, bila ya meza.

Kheir akaenda kusali adhuhuri. Aliporudi akaingiza kichwa karibu chote ndani ya sanduku, akavuta pumzi.

"Bi Ibtisam, kwa nini kompyuta hii inanukia bi harusi?"

"Ulitaka inukie beberu?"

Ikabidi aeleze. Kila Alkhamisi alasiri anafukiza udi nyumba nzima, na kompyuta naye ana fungu lake: anafunua kitambaa chake, anaiwasha, anaweka chetezo nyuma yake, moshi unaingia. "Miaka minne imo ndani ya nyumba yangu. Kitu kikikaa kwangu kinafukizwa."

Kheir akaielekeza memori dirishani. Ukingoni mwake ina meno madogo ya rangi ya dhahabu, na juu ya meno palikuwa na utando kama asali. Feni ya kompyuta ilikuwa ikiuvuta moshi ndani. Memori ilipokuwa imetulia mahali pake, haikudhurika. Kuichomoa na kuirudisha ndiko kulikoupaka ule ulimbo katikati ya meno na tundu, na ile mpya nayo ikachafuka palepale.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Bi Ibtisam.

"Ni udi, bibi."

"Udi haujiwashi."

Kisha Kheir akauliza kama ipo raba.

"Miaka ishirini na sita nimepiga taipu, unaniuliza raba?" Akavuta droo. Zilikuwamo kumi na moja. "Si hiyo, hiyo ya wino, itakwaruza. Chukua ya penseli."

Kheir akaanza kusugua. Bi Ibtisam alivumilia labda nusu dakika, akamnyang'anya. "Si sufuria hii. Hapa unafuta herufi moja katikati ya neno, na mbili za pembeni zibaki." Akafuta jino moja moja, pande zote, vipande vyote viwili. Kheir akabaki na matundu, akayapitisha mswaki mpya uliochovywa spiriti, wakangoja yakauke.

Alipowasha, ililia mara moja tu. Nambari za hesabu ya memori zikaanza kupanda kwenye kioo, na Bi Ibtisam akazisoma kwa sauti hadi ya mwisho. Wakaingiza disketi ya mteja. Barua ikafunguka nzima kabla hajavuta kiti.

Baada ya alasiri, Kheir bado anakusanya vyombo vyake dirishani, simu ikalia. Sauti ya Bi Basma niliisikia mpaka kwenye ngazi, mlango wazi.

"Vipi?"

"Imewaka."

"Imewaka kabisa?"

"Kabisa."

"Mimi chumba nshakipaka rangi, da Ibti."

"Rangi gani?"

"Kijani. Ile unayoipenda."

Bi Ibtisam akaigeukia kompyuta, akapangusa herufi zake kwa ncha ya kanga.

"Nzuri hiyo," alisema. "Nitakuja Idi kuiona. Wiki mbili, Basma. Nna kadi za watu hapa."

Akaweka simu, akakaa kitini, vidole vyote kumi juu ya herufi.

"Kheir, sogea mwanangu. Umenizibia dirisha."