Kazi ya Kukaa

Kidato cha kwanza wakifika kwenye mada ya kazi, nishati na nguvu, huwa nawatoa darasani na kuwapeleka kwenye ngazi za jengo la maabara. Mmoja anashika saa, mwingine anapanda. Kwanza apande polepole, kisha arudi chini apande mbio. Halafu nawauliza ni safari ipi alifanya kazi kubwa zaidi. Darasa zima linajibu kwa sauti moja kwamba ni ile ya mbio, na darasa zima limekosa. Kazi ni ile ile. Uzito wake haukubadilika, wala kimo cha ngazi hakikubadilika. Kilichobadilika ni muda, na kazi ukiigawa kwa muda ndiyo unapata nguvu. Somo hili naanza kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, namalizia kwa Kiswahili ili watoto waelewe, na nikisikia viatu vya mkuu wa shule vinakuja narudi kwenye Kiingereza upesi.

Nimefundisha hivyo miaka mingi na mada hii haijawahi kunisumbua. Mwaka aliougua mama yangu nilishindwa kuimaliza. Nilimwomba mwalimu mwenzangu aniendelezee, nikamwambia nina mafua.

Mama aliishi peke yake Tongoni tangu baba alipofariki, katika nyumba waliyoijenga wote wawili, yenye kisima nyuma na jiko la nje. Mimi napanga mjini Tanga, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani, kwa sababu huko juu ndiko kuna hewa na ndiko wenye nyumba hawapandi ovyo kuja kuulizia mambo. Alipoanza kuvimba miguu na kutweta kwa kufagia ua tu, nilimpeleka hospitali. Daktari akasema moyo umepanuka na misuli yake imechoka. Dawa zitamsaidia, lakini moyo hautarudi ulivyokuwa. Kisha akamwambia asifanye kazi nzito.

Mama akamuuliza kwa adabu, kazi nzito ni ipi. Daktari akatabasamu, akasema, bibi, wewe mwenyewe unajua. Tukatoka pale hakuna anayejua, si mama, si mimi, na nina hakika hata daktari.

Mimi nilitaka mama ahamie kwangu siku ile ile. Yeye hakutaka kusikia. Tulibishana njia nzima hadi Tongoni, na tulipofika akaniketisha jikoni, akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Mie huko juu nikakae kama mwali, nani atanijua? Ukinipandisha mwanangu, nitashuka nimebebwa."

Basi tukapatana hivi: atabaki kwake, ila kazi nzito zote ziondoke katika siku zake. Siku nitakapomkuta ameanguka, atahamia mjini bila mjadala. Yeye aliona ameshinda. Mimi niliona nimepewa mtihani, na mtihani wa fizikia haujawahi kunishinda.

Nikaanza na kisima. Mama alikuwa akivuta ndoo kwa kamba, mikono mitupu, ameinama juu ya ukingo. Nikamfungia kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba. Alifurahi sana, akasema maji yamekuwa mepesi. Nikamwachia furaha yake, lakini moyoni nilijua maji hayajawa mepesi hata kidogo. Kapi moja linageuza tu upande wa kuvuta, ukawa unavuta kwenda chini, na mwili wako unakusaidia kwa uzito wake. Ndoo ni ile, kina ni kile. Nikafikiria kuongeza kapi la pili, hapo kani inapungua nusu, ila kamba ya kuvuta inakuwa ndefu mara mbili. Nilikaa kwenye ukingo wa kisima na karatasi nikichora makapi kama mwendawazimu, na kila mtambo niliouchora ulinirudisha pale pale. Ulichokipunguza huku kinakungoja kule. Nililijua hilo tangu nikiwa na sare ya shule, na sikuwahi kulichukia kama nilivyolichukia siku ile. Mwishowe jirani alijitolea kumjazia mapipa kila asubuhi, na kapi likabaki likining'inia.

Kuni zikaondoka, nikamletea mtungi wa gesi. Kinu nikakihamishia kwa jirani. Kufua nikasema nitafua mimi kila Jumamosi. Kila nilichokiondoa mama alikitazama kikitoka mlangoni kama anayetazama vyombo vyake vikiuzwa. Nilimwonea huruma, lakini niliogopa zaidi ya kumwonea huruma, na mtu mwenye hofu hana masikio.

Kitu kimoja sikuweza kukitoa mlangoni, nacho ni shughuli za watu.

Kwetu, mwanamke hatumi salamu kwenye shughuli, anakwenda mwenyewe. Pakiwa na harusi, maulidi au msiba, wanawake wanafika asubuhi na visu vyao na mbuzi zao za kukunia nazi, na kila mmoja anashika kitu. Baba alipofariki, wale wanawake ndio waliopika kwetu siku zote za matanga, mama hakugusa hata mwiko. Kwa hiyo asingeweza kukaa ndani wakati jirani anapikia watu. Naye mgonjwa au mzee akija, wenzake hawamfukuzi, ingekuwa tusi. Wanampa kazi ya kukaa. Ndiyo heshima yenyewe. Na kazi ya kukaa, tangu enzi za bibi zao, ni kukuna nazi.

Jumamosi moja nilifika Tongoni kwenda kufua, nikakuta nyumba imefungwa. Kulikuwa na maulidi, na wapishi walikuwa nyumbani kwa shoga yake mkubwa, mwanamke aliyekua naye tangu utotoni. Nikamkuta mama uani, ameikalia mbuzi, kanga kaifunga kifuani, pembeni yake rundo la vifuu vilivyokwisha na mbele yake rundo la nazi zilizovunjwa. Mikono inakwenda mbele na nyuma. Ananiangalia anatabasamu, na midomo imebadilika rangi.

Nilipiga kelele. Sijivunii, lakini hata leo ningepiga. Nikamnyang'anya nazi. Shoga yake akaja akijifuta mikono, ameudhika waziwazi.

"Mwalimu, mgonjwa wetu tumemkalisha. Kwani nazi inabebwa?"

Nikajaribu kueleza. Nikasema kazi haingoji mtu asimame. Popote unaposukuma kitu kinachokukataa, na kikasogea, umefanya kazi. Kila mkono unapokwenda na kurudi unasogea kidogo tu, lakini nazi moja ni mikono mingapi, na rundo lile ni nazi ngapi? Nikawaambia huyu akikuna tangu asubuhi ni sawa na kuvuta maji mchana kutwa. Wakanisikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mwenye homa. Walikuwa wamemchagulia mama kazi hiyo kwa mapenzi, na mimi nilisimama pale nikiwaambia mapenzi yao yanamuua. Shoga yake akaniuliza, sasa tumwambieje, asije?

Mama alinyanyuka kunitetea, au kuwatetea wao, sijui. Hakumaliza kunyanyuka. Akaanguka juu ya nazi iliyokunwa, pale pale, na sauti niliyoitoa sikuitambua kuwa ni yangu.

Alikaa hospitali mpaka maji yakapungua mwilini. Daktari akasema asirudi kijijini, akae karibu. Mama hakubisha, ahadi ni ahadi kwake. Ningetamani abishe.

Tukasimama chini ya jengo langu baada ya sala ya alasiri, mimi na yeye, tukizitazama ngazi. Nimezipanda ngazi zile na mifuko ya sokoni, na madaftari ya darasa zima, na sikuwahi kuziona ndefu. Fundi cherehani wa duka la chini alitoka na kiti chake mwenyewe, akasema atatangulia nacho. Tukaenda hivyo. Vidato vichache, kiti, mama anakaa, anahema. Vidato vichache tena, kiti. Watu wa jengo wakishuka wanasimama ukutani, wanamwamkia shikamoo, naye anapungia mkono kwa sababu pumzi ya kuitikia marahaba hana. Nikawa namwambia, polepole mama, hatuna haraka, na kichwani najisomea somo langu: ukirefusha muda, nguvu inayotakiwa inapungua. Lakini kazi ni ile ile. Moyo ule uliochoka ulikuwa unambeba mama mzima hadi juu, na hakuna kiti cha fundi kitakachompunguzia hata kidato kimoja. Tulifika juu adhana ya magharibi ikilia. Mama akaomba maji ya kutawadha, kisha akauliza Tongoni iko upande gani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mama hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Alikaa dirishani, mikono mapajani, mikono ambayo sikuwahi kuiona imetulia. Nikimwuliza kama ana njaa anasema hapana, nikimwuliza kama anaumwa anasema hapana. Nikienda shule nawaza nitamkuta amekufa, nikirudi namkuta amekaa vile vile. Mara moja aliniambia kwa utulivu kwamba sasa wenzake wameshazoea kutomwona, na akageuza uso. Nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira, hasira ya moyo wake, ya ngazi, ya Mungu pia, astaghfirullahi. Nilimtafutia mama mahali pasipo kazi, nikampata mgonjwa asiye na kazi wala watu.

Kisha shoga yake akaja. Alipanda mwenyewe ngazi zote, mzee yule, kiroba kichwani na ungo mkononi, akafika akitiririka jasho na kumlaumu mwenye jengo. Alikuwa anamwoza mjukuu wake baada ya mwezi wa Ramadhani. Akakitua kiroba mbele ya mama na kuniangalia mimi kwanza, kwa jicho la mtu aliyefikiria jambo kwa muda mrefu.

"Nimekuletea kazi yako. Huu unachaguliwa tu, haukatai mkono."

Ulikuwa mchele wa harusi. Nilielewa kwamba yale maneno yangu ya uani, ambayo nilidhani yamepotea, alikuwa ameondoka nayo na kuyageuza mpaka yakampa hili. Mama aliingiza mkono katika mchele, akauacha umo, na machozi yakamtoka bila kujificha. Mimi pia. Shoga yake akasema tumfanyie chai, tuache mambo.

Tangu siku ile mama alikuwa na kazi. Nilimwekea ungo mapajani, na yeye akawa anatoa kiganja kimoja cha mchele, anautandaza, anatoa chuya na vijiwe kwa ncha ya kidole, anaumimina pembeni. Kupepeta nilimkataza, akatii. Akichoka analala pale pale, kidole kimebaki kwenye mchele. Kuna siku kiganja kimoja kilimaliza mchana wake wote. Nilikaa nikimtazama akilala, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, nikafahamu jambo ambalo hakuna daktari aliyetaka kulisema. Mikono unaweza kuipumzisha, miguu unaweza kuipumzisha. Moyo hauna kazi ya kukaa. Hata pale alipolala ulikuwa unavuta kamba, ndoo baada ya ndoo, na hakuna jirani wa kuushika mkono.

Aliumaliza mchele siku chache kabla ya Idi. Akafunga mdomo wa kiroba kwa ukanda wa kanga yake ya zamani, akaniambia akishuka atashuka nao. Alifariki alfajiri moja baada ya Idi, nikiwa nimemshika, akiwa amekaa, maana kulala chali kulikuwa kumekwisha kumshinda.

Akashuka amebebwa, kama alivyosema. Jeneza halikuweza kugeuka kwenye kona za ngazi, ikabidi wanaume walinyanyue juu ya reli. Fundi cherehani alikuwa mbele, akirudi kinyumenyume, jasho linamtoka. Kupanda, sisi ndio tunaofanya kazi. Kushuka, uzito wenyewe ndio unaofanya, wabebaji kazi yao ni kuuzuia usifike upesi. Nilifuata nyuma nimebeba kiroba, nikitamani waendelee kuuzuia.

Tulimzika Tongoni adhuhuri. Tuliporudi kutoka makaburini na vilio vyetu, wanawake walikuwa wameshafika na visu vyao na mbuzi zao, na moto umewaka uani kwa mama. Nilitaka kushika kitu, chochote. Wakanikatalia, wakaniambia mfiwa anakaa. Nikamkabidhi shoga yake mchele wa harusi. Aliushika ule ukanda wa kanga kwa muda, kisha akaufungua, akawaambia wenzake huu ndio upikwe leo, harusi itatafutiwa mwingine.

Mmoja akachukua ungo ili auchague kwanza, kama ilivyo desturi. Shoga yake akamnyang'anya ungo, akamimina mchele wote sufuriani kama ulivyo. Watu walikuwa wengi, walikula hadi ua ukajaa sahani, na hakuna hata mmoja aliyeng'ata jiwe.