Helmeti ya Kumpokelea Mtoto

Jumamosi nilimpeleka mwanangu nje ya mji wa Buffalo, Marekani, kwenye mashindano ya kuteleza kwa ubao juu ya theluji. Kwenye kaunta ya vifaa, mbele yetu, mama mmoja Mrundi alikuwa akikodi helmeti mbili.

“Ya pili ya nani?” binti yake akamuuliza.

“Yangu.”

“Lakini mama, wewe hushindani.”

“Nitakuwa pale chini. Mtu akitoka safari anapokelewa.”

Binti akajifunika uso kwa glavu. Mimi nikacheka kimoyomoyo.

Zamu yake ilipofika, binti alishuka mteremko kwa kasi, kusimama kukamshinda. Mama hakukwepa. Alifungua mikono, wakabingirika pamoja hadi kwenye uzio. Kisha tukasikia sauti yake kutoka kwenye theluji: “Pole na safari, mwanangu.”

Wote wazima.

Mwanangu alikuwa bado juu, anangoja zamu yake. Nikarudi kwenye kaunta kukodi helmeti ya pili.