Jumapili Mama Prezida Alipokuja Kukimbia na Sisi

Miji mingine ina makumbusho na bustani za wanyama. Sisi wa Goma tuna Jumapili asubuhi. Kabla jua halijavuka ukuta wa kambi ya jeshi ya Katindo, mji mzima uko barabarani unakimbia: wanene na wembamba, wenye ngoma na wenye filimbi, wa mayo, yaani jezi, nyekundu na wa mayo ya kijani, wote wanaimba. Mgeni akifungua dirisha siku hiyo, anafunga begi yake haraka na kuuliza lava ya volkano imefika wapi.

Klabu yetu ilikuwa ya wapapa, akina baba wa avenyu moja, na mimi nilikuwa mwimbishaji. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu ya diploma, ile niliyoipata kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na ndevu. Wapapa waliamini kwamba mutu mwenye diploma hawezi kukosa pumzi. Sauti ninayo, hilo nakubali. Nikiimba Katindo, mbuzi wa Sake, mji wa mbali kule, wanaitika.

Lakini klabu ilikuwa na ufundi wake. Tulikimbia pale tu palipokuwa na macho. Mbele ya milango yetu, goti lilifika kifuani. Mbele ya kanisa, misa ya kwanza ikitoka, lilifika kidevuni. Tukishakata kona ya mwisho, pikipiki zilikuwa zinatungoja, moja kwa kila wapapa wawili, isipokuwa ya Prezida wa klabu, ambaye alijaza kiti peke yake. Zilitushusha hadi nganda moja, baa ya kando ya ziwa, nyuma ya ukuta wa mawe meusi, ambako nyama ya nguruwe ilikuwa imeshaanza kulia juu ya makaa. Tulikula, tukanywa bia, tukasifu sana faida za michezo. Kabla ya kurudi nyumbani tulijimwagia maji ya ziwa kwa kopo, mgongoni na kwapani, hadi mayo ikalowa vizuri. Wake zetu walifua jasho hilo kwa heshima kubwa.

Prezida wetu alikuwa muuza mabati wa mtaa wa Birere, mutu wa Butembo, mcheshi, na tumbo lake lilifika kila mahali kabla yake. Daktari ndiye aliyemtuma kwetu: tension, ile presha ya damu, iko juu, Papa akimbie. Akakimbia, kwa namna yetu. Miezi ikapita, na kila alipopimwa tension ilikuwa imepanda. Daktari akabadilisha mashine. Ikapanda na kwenye mashine mpya.

Mke wake, ambaye sisi wote tulimwita Mama Prezida, hakuwa mutu wa kungoja mashine ya tatu. Jioni moja alitukuta tumekaa mbele ya nyumba yao.

“Bapapa, mimi nimefikiri,” akasema. “Bwana yangu anakimbia kila Jumapili, na mayo inarudi maji matupu. Kama sport iko na tension inakataa, basi ni hewa ya Goma, ni huu moshi wa volkano. Nitamurudisha Butembo kwa mukubwa yake. Kule atakula viazi vya kuchemsha na kulala mapema.”

Prezida akashika ukuta. Huyo kaka yake mkubwa tulimjua kwa masimulizi: muzee wa sala, anayezima redio wakati wa kula, na nyumba yake iko juu ya kilima ambacho bia haijawahi kukipanda.

“Ila kwanza,” Mama akaongeza, “Jumapili hii nitakimbia na ninyi, nione kwa macho yangu.”

Alipoingia ndani, Prezida alinigeukia kama mutu aliyesomewa hukumu. “Wewe mwenye diploma, tufanye nini?”

“Tukimbie, Papa.”

“Usinichekeshe.”

“Sichekeshi. Tukimbie kwa miguu, mpaka ziwani.”

Akakaa chini. Mambo yalikuwa mabaya pande zote: akikimbia vizuri, basi kosa ni la hewa na safari ya Butembo iko palepale, akishindwa, nganda imekufa, na aibu itafika Birere kabla ya mabati.

Jumapili Mama alitokea na kitenge juu ya suruali ya michezo, na raba za binti yake miguuni. Tuliondoka vizuri. Kanisani tulipigiwa makofi. Lakini tulipokata ile kona na kuzipita pikipiki bila kusimama, madereva wakashangaa.

“Papa Prezida! Leo munatupita sawa vile hamutujui?”

“Hawa ni nani?” Mama akauliza.

“Ambilansi yetu, Mama,” nikasema.

“Yote hii?”

“Klabu inajali afya sana.”

Madereva, wakidhani ni mchezo, wakatufuata polepole huku wakipiga honi. Ndipo tukashika barabara kuu na msafara nyuma kama gavana. Klabu moja ya mayo nyekundu ikatupita, vijana tu, na mmoja akapiga kelele, “Ee, bapapa! Munamuzika nani?” Nilitaka kumjibu kwa wimbo, lakini ile sauti ya kuamsha mbuzi wa Sake ilikuwa imebaki ya kuku mwenye mafua.

Kwenye rond-point ya Chukudu, mzunguko wa barabara wenye sanamu, chini ya yule mutu wa dhahabu anayesukuma chukudu yake, baiskeli ya mbao ya mizigo, bila kuchoka, Prezida aliketi. Hakuketi, alianguka akiwa amekaa. Uso ulifuka kama sufuria iliyotoka jikoni. Nilianza kuchagua kimoyomoyo wimbo wa mazishi.

Mama akapiga magoti, akampepea kwa kitenge. Ukali wote ulikuwa umemtoka. “Baba batoto, basi, inatosha. Kesho tunatafuta gari ya Butembo.”

“Mama,” Prezida akasema, pumzi moja kwa neno moja, “usilaumu hewa ya Goma. Haijanikuta bado.”

“Unasema nini?”

“Mimi sijawahi kufika hapa kwa miguu. Zile si ambilansi. Kila Jumapili zinatupeleka kula nguruwe. Na jasho ni ya ziwa.”

Klabu nzima ikageuka kuitazama volkano. Hatujawahi kuipenda namna ile.

Mama akaacha kupepea, akajifunga kitenge upya.

“Kwa hiyo haujakimbia hata siku moja?”

“Leo.”

“Na tension imepanda kwa nyama?”

“Na kwa bia.”

“Basi hewa iko muzuri.”

“Hewa iko muzuri sana, Mama.”

Akawafukuza madereva, akamvuta bwana yake mkono. “Simama. Ziwa iko wapi?”

Tukateremka kwa kutembea, yeye mbele, sisi nyuma kama watoto wa katekisimu. Mwenye nganda alipotuona akanyoosha mikono. “Papa Prezida! Ya kila siku?”

“Ya kila siku,” Mama akajibu, na kuvuta kiti.

Sahani ikaja inatoa moshi, na pilipili pembeni. Mama akachagua ndizi moja ya kuchoma, akamwekea bwana yake pamoja na chupa ya maji. Kisha akaanza kula nyama yetu, mshikaki baada ya mshikaki, bila haraka.

“Na Butembo?” Prezida akauliza.

“Butembo wakule viazi vyao. Wewe utakimbia hapahapa, na mimi nyuma yako.”

Prezida akashusha pumzi, akamenya ndizi yake. Baadaye kidogo, kwa sauti ya chini sana, akauliza, “Nyama iko namna gani?”

“Iko na chumvi mingi,” Mama akasema, na akachukua mshikaki mwingine.